Farasi wa Kengele

Verla Sundquist alipata habari ya kuuzwa kwa nyumbu wake akiwa ameinama, mguu wa nyuma wa mmoja wao, Jaji, uko mapajani mwake na misumari ya kwato iko mdomoni. Kaka yake Arvid aliisema huku akipita, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akageuka aende zake.

"Kessel anakuja Jumamosi na lori. Anawachukua wote."

Verla akatema misumari kiganjani. "Wote nani?"

"Nyumbu, Verla. Kuna wote wengine?"

Nyumbu wanaosemwa hapa si wale wa mbugani wanaovuka mito kwa maelfu. Ni wale ambao baba yao ni punda na mama yao ni farasi, na katika milima ya Montana ndio wanaobeba kila kitu cha msimu wa kuwinda: mahema, majiko ya chuma, viazi, shayiri, na wakati wa kurudi, nyama. Pori lile haliruhusu injini, hata baiskeli ni marufuku. Marehemu mzee Sundquist aliwapa nyumbu wake majina ya watu na mambo ambayo hakupenda kuyaona mlangoni kwake, ndiyo maana zizini mle kulikuwa na Jaji, Mchungaji, Bima, Kodi, Mkwe na wenzao. Verla alikuwa akiwaongoza tangu usichana wake, na sasa mvi zilikuwa zimeshapata makao kichwani. Kwenye karatasi walikuwa nyumbu wa Arvid, kama lilivyokuwa lake shamba na kambi ya juu mlimani. Lakini karatasi haijawahi kuamka kabla ya jua kumfuta nyumbu matope ya kwato.

"Wewe umechanganyikiwa," alisema.

"Mimi? Jana nani alikimbia bondeni kutwa nzima akiwakusanya kama kuku? Tangu Opal afe hawamfuati mtu. Wawindaji wanafika Jumatatu, Verla, wanne, kutoka Minnesota. Nitawaambia wabebe jiko mgongoni?"

Hapo alikuwa amegusa kidonda. Opal alikuwa farasi wa kengele. Nyumbu, kwa kuwa mama yake ni farasi, humpenda farasi jike mapenzi ya kufa mtu. Mtafutie jike ambaye moyo wake utamkubali, umvike huyo jike kengele shingoni, umtangulize, na nyumbu watamfuata na mizigo yao bila kufungwa kamba, mmoja nyuma ya mwingine, hata kwenye theluji. Ila nyumbu ndio wanaochagua. Opal walimchagua wakampenda mpaka siku alipolala chini mwezi wa saba kwa ugonjwa wa tumbo asiamke tena, na baada ya hapo wakawa kama watoto waliofiwa, kila mmoja na njia yake.

Na kutofungwa kamba si madoido. Njia ya kwenda kambini inapita mahali wanapopaita Ngazi, njia iliyochongwa ubavuni mwa jabali, upana wake ni wa meza ya kulia chakula. Nyumbu akiteleza pale akiwa peke yake, huenda akajishika, na asipojishika anaporomoka peke yake. Miaka sita nyuma Arvid alikuwa na haraka, theluji inamfukuza, akawafunga mkia kwa shingo ili wasichelewe. Kwenye kona ya juu mmoja aliteleza akamvuta mwenzake, wakaporomoka wote wawili. Tangu siku hiyo Arvid hakukanyaga Ngazi. Alibaki chini akipokea wawindaji, akiwarekebishia shabaha za bunduki na kuwapigia hadithi. Nyumbani walisema ni goti lake. Kila mtu alijua si goti, na kila mtu aliendelea kuuliza goti linaendeleaje.

"Tutanunua farasi wa mizigo," Arvid alisema, "tuwafunge, tupite njia ya mto."

"Njia ya mto inakula siku nzima zaidi. Septemba hii, na joto hili? Nyama ya elki itakuwa inatembea yenyewe kwa funza ikifika hapa." Elki ni kulungu wa kule, mkubwa kama ng'ombe, na kumbeba ni kazi ya nyumbu wawili.

"Basi tutakwenda haraka."

"Uliwahi kwenda haraka wewe."

Lilimtoka. Arvid alivua kofia yake akaitazama. Verla aliona aibu, lakini hakurudi nyuma, maana hasira ilikuwa bado imeshika usukani.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema. "Kesho nakwenda kutafuta jike mwingine. Wakipanda Ngazi wamebeba kambi nzima, bila kamba, Kessel arudi na lori tupu."

"Na wasipopanda?"

Verla akamtazama Jaji. Jaji alikuwa akitafuna ukingo wa shati lake, hana habari.

"Nitawapakia lorini mwenyewe."

Arvid akanyoosha mkono. Wakapeana, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Jike aliyenunuliwa aliitwa Wino, mweusi tititi, kijana, miguu imara, na Verla alimpenda alipomwona tu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa la watu wa kazi ile: kumchagulia nyumbu mchumba kwa macho yako. Alimvika Wino kengele ya Opal akamwingiza zizini akiwa amevimba kichwa kwa furaha. Nyumbu waliinua masikio. Jaji akasogea, akamnusa Wino shingoni, akainusa kengele, akainusa tena. Kisha akamng'ata matakoni.

"Jaji! Mshenzi wewe!"

Wino alikimbilia pembeni akasimama akitetemeka, na nyumbu wakamgeuzia migongo.

Verla hakukata tamaa. Alimwekea Wino blanketi la Opal ambalo lilikuwa bado na harufu. Aliwalisha shayiri katika mstari mmoja, Wino katikati, yeye mwenyewe akisimama na fimbo kama msimamizi wa mtihani. Aliwaongoza kuzunguka shamba, kengele inalia mbele, na kila alipogeuka nyuma aliwakuta wamesimama palepale walipoanzia, isipokuwa Mchungaji, ambaye alikuwa amelala.

Jumatano ndipo alipogundua wanaangalia nini. Walikuwa wamejipanga kwenye uzio wa mashariki, shingo zimepita juu ya mbao, masikio yote mbele. Ng'ambo ya uzio, akila majani bila wasiwasi, alikuwa Malkia.

Malkia alikuwa jike wa Arvid, rangi ya asali, mkia mweupe unaofagia chini. Kila Julai Arvid alimpanda kwenye gwaride la mjini, tandiko lenye fedha, kofia mpya, na wanawake wajane wakapiga makofi kuliko ilivyolazimu. Malkia hakuwahi kubeba hata kikapu. Mtu mwingine yeyote akimkalia alimtupa. Verla alisimama muda mrefu akiwatazama nyumbu wake wakimtazama yule mrembo, na moyo ukamshuka. Wajinga hawa walikuwa wameshachagua.

Alimfuata Arvid jikoni. Alikuwa akikaanga mayai.

"Naomba Malkia."

"Unaomba nini?"

"Wamempenda. Nenda ukawaone pale kwenye uzio, wanatia huruma. Nimvalishe kengele, nimpande Jumamosi."

"Malkia haendi mlimani."

"Arvid."

"Haendi! Yule ni wa gwaride. Na hata akienda hutampanda, atakuvunja shingo, halafu wawindaji atawapikia nani?"

"Niache nijaribu."

Arvid aligeuza mayai, akafikiri, akatabasamu tabasamu ambalo Verla alilijua tangu utoto na hakuwahi kulipenda. "Jaribu," alisema.

Verla alijaribu. Alikaa juu ya Malkia kwa muda wa kutosha kusema "taratibu, mama," kisha akajikuta ndani ya birika la kunyweshea, maji yamemfika kifuani, kofia inaelea. Arvid alicheka mpaka akashika mlango. Nyumbu nao walitazama bila kusema kitu. Verla alitoka majini, akapanda tena, akatupwa tena, safari hii mahali pakavu. Mara ya tatu Arvid alikuwa amekwisha kuacha kucheka.

"Basi, dada," alisema. "Inatosha. Utaumia."

"Jumamosi bado," Verla alisema, akachechemea kwenda kubadilisha nguo.

Ijumaa alifunga mizigo kana kwamba hakuna shaka yoyote duniani. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake: akiogopa, mikono yake ilizidi kuwa makini. Kila nyumbu hubeba sanduku huku na sanduku huku, na uzito wake lazima ulingane, maana sanduku likizidi upande mmoja tandiko huzunguka na mnyama huchubuka au huanguka. Aliyaning'iniza kwenye mizani moja moja, akahamisha viazi vitatu kutoka kwa Bima kwenda kwa Kodi, akavirudisha viwili. Majiko aliyafunga ndani ya turubai ili yasigongane, maana Mkwe akisikia chuma hugeuka kichaa. Alipitisha kidole chini ya kila mkanda na akatazama kwato moja baada ya nyingine. Arvid alipita mara kadhaa akijifanya ana shughuli, na mara moja alisimama akamwonyesha mkanda uliokuwa umeanza kukatika. Alikuwa na jicho zuri, Arvid. Zamani alikuwa mfungaji bora kuliko yeye, na jambo hilo lilimuuma Verla kuliko birika.

Jumamosi asubuhi Kessel alifika na lori lake refu. Alikuwa mtu wa tumbo na vicheko, mnunuzi wa wanyama ambao wengine wamewachoka. Alilisimamisha chini kabisa ya Ngazi, mahali bonde linapofinyana, akafungua milango ya nyuma akaiacha wazi.

"Habari ya goti, Arvid?"

"Lipo."

"Na wewe mama, hawa ndio wale watakatifu wanaotembea wenyewe?" Akawatazama nyumbu, wamefungwa mizigo yao vizuri, wamesimama bila kamba. "Haya. Mimi napenda sinema."

Arvid alikuwa juu ya Malkia. Mgeni akija alikuwa hana namna, lazima apande Malkia.

Verla alikaza kofia yake kichwani. Alipanda Wino, akamgusa mbavu, na kengele ikaanza kulia. Akaingia kwenye Ngazi. Jabali likawa upande wa kushoto, na upande wa kulia hakukuwa na kitu. Alijikataza kugeuka. Alihesabu pumzi zake, akasikiliza kwato. Alizisikia za Wino tu. Akafika pale njia inapotanuka kidogo, akageuka.

Walikuwa chini wote. Hakuna hata mmoja aliyeinua mguu. Walikuwa wamemzunguka Malkia, mizigo imegusana, na Jaji ameweka kidevu chake nyuma ya tandiko la yule jike, macho nusu yamefungwa.

Kicheko cha Kessel kilipanda mpaka juu. "Mama! Umesahau kitu huku!"

Verla alimgeuza Wino pale penye nafasi, akateremka. Machozi yalikuwa karibu na aliyakasirikia. Aliwaza kuhusu lile lori, na kuhusu Mchungaji mzee ambaye hakuna mnunuzi atakayemweka kwa ajili ya kubeba. Alijua Mchungaji angepelekwa wapi. Alipofika chini alishuka, akamvua Wino kengele, akaenda nayo mpaka kwenye goti la kaka yake.

"Nimekwisha," alisema. "Mimi nimefanya yangu yote, Arvid. Sina jike, na huyu wako hanitaki. Lakini wewe anakutaka."

Arvid alielewa haraka, ilionekana usoni. Rangi ilimtoka.

"Tulikubaliana wakufuate wewe."

"Tulikubaliana wapande bila kamba. Hatukusema nyuma ya nani."

"Goti langu..."

"Usiniambie habari ya goti." Alisema kwa sauti ya chini, ili Kessel asisikie. "Sijakuambia kitu miaka sita. Sikukuambia siku ile, na sikukuambia kwenye mazishi ya baba, ambaye mpaka anakufa alikuwa bado akiwaulizia wale wawili. Leo nakuomba. Sikulaumu, Arvid, nakuomba. Hawa ndio maisha yangu."

Kessel aliacha kucheka. Alitazama tairi la lori lake kana kwamba limeanza kumwambia kitu.

Arvid aliitazama Ngazi mpaka Malkia akaanza kupiga kwato. Kisha akainama, akachukua kengele, akamvika jike wake mwenyewe, juu ya hatamu ya gwaride. Tundu la mkanda lilimpiga chenga mara mbili. Verla hakumsaidia.

"Nikifa," alisema Arvid, "Malkia asiuzwe kwa mtu wa mjini."

"Ukifa nitampika. Nenda."

Akaenda. Kengele ililia, na nyumbu wakainua vichwa kwa pamoja. Jaji akawa wa kwanza, halafu Kodi, halafu Bima na masanduku yake ya viazi, halafu wengine, kila mmoja akiweka kwato pale mwenzake alipotoa yake. Verla alingoja Mchungaji apite, akapanda Wino, akashika mkia wa msafara. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kuwaona kutoka nyuma. Mizigo ilikuwa inayumba sawasawa, huku na huku, na alijisikia kutaka kuimba.

Kutoka mbele alimsikia Arvid akizungumza na Malkia mfululizo, sauti ya juu isiyo ya kawaida, akimsimulia habari za gwaride, za hali ya hewa, za bei ya nyasi. Kwenye kona ya juu sauti ilikatika. Kengele nayo ikanyamaza. Msafara mzima ukasimama juu ya jabali, na Verla, nyuma kabisa, hakuwa na namna ya kumpita hata mnyama mmoja.

"Arvid! Usitazame chini!"

"Sitazami chini!" Sauti ilikuwa imekauka. "Natazama pale pale walipokuwa!"

Verla alishika shingo ya Wino akangoja. Mahali pale hapakuwa pa kusukuma mtu, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakujua la kufanya. Ni Jaji aliyechoka. Akanyoosha shingo akamsukuma Malkia matakoni kwa pua, kwa mahaba tu, na Malkia ambaye hakuzoea mambo hayo akaruka mbele hatua mbili na kona ikawa imepitwa.

Arvid alitukana. Alimtukana Jaji, akamtukana mama yake Jaji na punda aliyemtongoza, akawatukana kwa mpangilio uleule na maneno yaleyale ya marehemu mzee Sundquist, hakuacha hata moja, mpaka jabali likarudisha mwangwi. Verla alilala juu ya shingo ya Wino akicheka huku machozi yanamtiririka. Chini sana, injini ya lori iliwaka. Kessel alikuwa ameona ya kumtosha.

Mchana waliwafungua nyumbu mizigo kambini, kwenye uwanda wa majani ulio juu. Walisimamisha mahema, wakafunga majiko, wakaning'iniza nguzo za kutundikia nyama kwenye misonobari. Mara mbili elki dume alipiga mluzi msituni, ule mluzi wao mrefu wa msimu wa mapenzi, na mara zote mbili Arvid aliacha nyundo akasikiliza na mdomo wazi. Hakuwa ameusikia kwa karibu hivyo kwa miaka. Hawakuzungumzia Ngazi. Walibishana tu kuhusu kamba za hema, kama zamani, na Arvid ndiye aliyekuwa sahihi.

Jua lilipoanza kuegemea, ikabidi kurudi. Wote wawili walijua kwamba kuteremka ni kubaya kuliko kupanda, kwa sababu ukiteremka huna budi kutazama.

"Tupite mtoni," Verla alisema, akijifanya anakagua mkanda. "Tutalala njiani, tufike kesho mchana. Hakuna haraka." Alikuwa anamaanisha. Alikuwa ameshapata alichokitaka, na mwanamume yule kashalipa vya kutosha kwa siku moja.

Arvid alikaza tandiko la Malkia. Akalikaza tena. Nyumbu walikuwa wameshaanza kujipanga nyuma yake, wepesi sasa, wanasukumana nani awe karibu.

"Jumatatu niwaambie nini wale watu wa Minnesota?" alisema hatimaye. "Kwamba nyumbu wanaijua njia, mwenye kambi ndiye asiyeijua?"

"Waambie goti."

"Goti limepona." Akapanda. Alikuwa mweupe kama unga, na mikono ilikuwa imeshika hatamu kwa nguvu isiyohitajika, lakini alikaa wima kama anavyokaa kwenye gwaride. "Wewe kaa nyuma. Bima akianza ujinga wake, piga kelele nisikie."

"Sawa, kaka," Verla alisema, akatafuta kikuku cha tandiko kwa mguu.

Arvid hakumngoja apande. Alikuwa ameshamgeuza Malkia kuelekea Ngazi.